Ng'ombe wa Zenora

Mwalimu Penina alikuwa na ugonjwa mmoja usio na dawa: hakuweza kuambiwa nyamaza akanyamaza. Mama yake alijaribu kuutibu kwa fimbo, ikashindikana. Mchumba mmoja wa Kongwa aliutambua mapema, akaaga kwa heshima, akarudi kwao salama. Kwa hiyo Mkuu wa shule, Mwalimu Ambokile, alipomwita ofisini na kumwambia kwa upole kabisa kwamba kwenye mkutano wa wazazi wa Jumamosi atakaa kiti cha nyuma na hatatia neno, alirudia kosa ambalo wengi walishalifanya kabla yake.

"Nisitie neno kuhusu nini, Mkuu?" Penina aliuliza, ingawa alijua.

"Kuhusu Zenora."

Jambo lenyewe halikuwa na mzunguko. Shule ya Sekondari Chihembe iko mashariki ya Ihumwa, upande ambao treni ya umeme hupita mbio bila kuwatazama watu. Serikali ilipohamia Dodoma, ofisi nyingi zilihama na mizigo yake, na kompyuta zilizozeeka zikauzwa mnadani pamoja na vyuma chakavu. Wazazi wa Chihembe walikuwa wamelima alizeti msimu mzima kwa ajili ya watoto wao. Walikamua mafuta, wakauza, wakaenda mnadani, wakarudi na kompyuta ambazo karibu zote zilikuwa zimegoma kuwaka. Zenora, kampuni ambayo mfumo wake umekaa katika kila ofisi ya mji, ilikuwa imeshatangaza kwamba mashine za umri ule haizitambui tena.

Penina aliikubali kazi ya kuzifufua kwa hasira, na hasira ilimsaidia. Alizifungua moja moja, akatoa vumbi na viota vya mende, akachukua kifaa cha mashine iliyokufa akaipa iliyokuwa mahututi. Kisha akaziwekea Linux, mfumo huria, yaani mfumo ambao hauna bwana mmoja. Unaruhusiwa kuutumia, kuufungua tumbo uone unavyofanya kazi, kuurekebisha, na kumgawia jirani bila kumwomba mtu ruhusa. Mashine zilizotangazwa marehemu zikaamka.

Ndipo siku moja Debora, msichana wa kidato cha tatu, alipouliza kwa nini kompyuta haijui Kigogo. Darasa likacheka. Penina hakucheka. "Haijui kwa sababu hujaifundisha," alimwambia, akamwonyesha mahali ambapo maneno yote ya mfumo yamelala yakisubiri mtu wa kuyatafsiri. Basi wakaanza. Kila jioni watoto walikwenda nyumbani kuwasumbua bibi zao. Pale mfumo unaposema hifadhi faili, waliweka neno la kuweka uwele ghalani. Pale unaposema futa, waligombana wiki nzima, mpaka bibi mmoja alipokuja mwenyewe shuleni kuamua ugomvi. Kazi ilikuwa imevuka nusu, na Penina aliipenda kuliko kitu chochote alichowahi kufanya maishani.

Sasa Zenora ilikuwa inaleta kompyuta mpya, projekta, kiyoyozi, na bango kubwa la kuweka getini. Sharti lilikuwa moja, limeandikwa kwa lugha laini. Maabara iwe ya Zenora peke yake. Mashine za zamani zifutwe, zipakiwe kwenye lori, zikateketezwe kwa usalama, na mwalimu asifundishe mfumo mwingine wowote. Lori lingefika Ijumaa ya wiki inayofuata. Nakala ya kazi ya watoto Penina alikuwa nayo kwenye flashi, lakini mbegu bila shamba ni ya nini? Mfumo wa Zenora haupokei maneno ya mtu wa nje. Zile mashine zikiondoka, kazi imekwisha.

"Watoto hawa wakimaliza shule watakwenda ofisini," Ambokile alisema. "Ofisi gani ina hiyo Linux yako? Nenda wizarani Mtumba, nenda benki, nenda hospitali. Kote Zenora. Unawafundisha kuendesha baiskeli, Penina, na dunia inapanda gari."

"Ninawafundisha kufungua boneti, Mkuu. Anayejua kufungua boneti haogopi gari lolote."

"Sawa. Lakini lazima kwanza awe na gari. Na mimi naletewa magari."

Maneno hayo yalimuuma Penina, kwa sababu yalikuwa kweli. Ambokile hakuwa mtu mbaya. Angekuwa mbaya ingekuwa rahisi. Alikuwa Mnyakyusa wa Tukuyu aliyepangiwa kazi kwenye nchi ya vumbi, akakuta shule yenye madirisha bila vioo, na miaka yote ameomba msaada akiambulia ahadi. Leo mtu anakuja na lori, yeye afunge geti?

"Na nikukumbushe," Mkuu aliongeza, akiyatazama makaratasi yake, "wewe ni mtumishi wa umma. Uhamisho haupigi hodi."

Jumamosi Penina alifika mapema kwenye bwalo kupanga mabenchi, na hapo akamkuta mtu wa Zenora akifunga projekta. Alimtambua kwa mgongo kabla hajageuka. Alikuwa Iddy. Walisoma pamoja chuo kikuu pale mlimani Dodoma, na enzi hizo Iddy ndiye aliyezunguka bweni kwa bweni na mfuko wa nailoni uliojaa diski, akimwekea Linux kila aliyekubali na wengine waliokuwa wamelala. Wakambandika jina la Shehe wa Linux kwa jinsi alivyohubiri.

"Shehe," Penina alisema. "Kumbe umebadili dini."

"Nimebadili mwajiri," Iddy alijibu, akacheka kidogo. "Dini iko palepale."

"Dini ipi hiyo ya kuja kuchoma misahafu ya wenzako?"

Kicheko kikamwishia. Alivuta nembo ya kampuni iliyoning'inia shingoni kana kwamba inamkaba. "Penina, nina familia. Linux haikunipa kazi, hawa wamenipa. Na hizi mashine ni nzuri, nakuapia. Nimepigania mimi mwenyewe zije kwenu, maana nilisikia uko hapa."

"Zina Kigogo?"

Iddy akashughulika na waya. "Nilishawauliza. Wamesema soko dogo."

"Soko dogo," Penina akarudia. "Sisi wote hawa, na bibi zetu, na mababu makaburini. Soko dogo."

Alikwenda kukaa kiti cha nyuma kama alivyoagizwa. Aliapa moyoni kwamba safari hii atanyamaza, kwa sababu uhamisho kweli haupigi hodi, na mama yake mzee yuko Chihembe na hana mwingine wa kumchotea maji.

Wazazi wakajaa. Iddy alikuwa mzungumzaji mzuri tangu zamani. Alianza na "Mbukwenyi!" na bwalo zima likaitikia kwa furaha, maana mgeni akikusalimia kwa lugha yako ameshakaa. Tatizo ni kwamba furaha ile ilimlevya. Mtu fulani, labda dereva wake, alikuwa amemnong'oneza kwamba ukitaka kumpata Mgogo zungumza ng'ombe.

"Wazazi wangu," alisema, "wahenga walisema mkono mtupu haulambwi. Mimi sikuja mkono mtupu. Leo Zenora imewaletea ng'ombe!"

Akasubiri makofi. Hayakuja. Watu waliokuwa wameegemea wakakaa sawasawa, na wanawake waliokuwa wakinong'ona wakaacha.

Kuna mambo hayataniwi. Ukimtajia Mgogo ng'ombe umefungua kesi, na kesi ina utaratibu wake. Katika nchi ile mwenye mifugo mingi haiweki yote nyumbani kwake. Huyu anampeleka kwa rafiki, yule kwa shemeji, wale kwa jirani wa kijiji cha pili. Anayewekewa anakunywa maziwa, anatia mbolea shambani, na ng'ombe akizaa vizuri huenda siku moja akapewa ndama awe wake. Lakini ng'ombe ana mwenyewe, na mwenyewe akija kumdai, anatolewa. Katika bwalo lile hapakuwa na mtu ambaye hajawahi kuweka ng'ombe kwa mwenzake au kuwekewa, na wote walijua kwamba kamba haipokelewi kabla maswali hayajaulizwa.

Mzee Nathanaeli, mwenyekiti wa bodi ya shule na mwenye mashine ya kusaga, akasimama, akavua kofia. "Ahsante, kijana. Huyo ng'ombe unatupa, au unatuwekea?"

"Nawapa, mzee wangu."

"Moja kwa moja? Tukitaka kuchinja tunachinja?"

Iddy alikuwa mtu mkweli, hata Penina hakumnyima hilo. "Mashine ni zenu kabisa. Mfumo ulio ndani ndio una leseni. Ina muda wake, baadaye mnaihuisha."

"Tusipoihuisha?"

"Baadhi ya huduma zitazimwa."

"Nimeelewa. Ngozi ni yetu, maziwa yana mwenyewe." Mzee aliyasema bila hasira, kama anayekagua kwato. Watu wakacheka.

Mama Ruthu, ambaye ndiye aliyesimamia ukamuaji wa alizeti ile, alinyanyua mkono. "Akiugua je? Tunaruhusiwa kumfungua mdomo tumtazame?"

"Mfumo haufunguliwi, mama. Mnatupigia simu."

"Ng'ombe anakata roho, mimi nimeshika simu."

Bwalo likaangua kicheko, na Iddy mwenyewe akashindwa kujizuia. Nathanaeli peke yake alibaki amesimama. "Na ndama?" aliuliza.

Iddy hakuelewa. Alimtazama Mkuu wa shule, Mkuu akatazama dari.

"Anauliza kazi za watoto," Penina alisema kutoka nyuma. "Wanachokitengeneza humo ndani kinakuwa cha nani." Likawa neno lake la kwanza. Ambokile alimgeuzia jicho, Penina akajikunyata.

"Zinatunzwa kwenye akaunti za Zenora," Iddy alisema polepole. "Mwanafunzi akimaliza shule, akaunti inafungwa."

"Haya," Nathanaeli akasema. "Nimefuga ng'ombe wa watu tangu ujana wangu, wala sioni haya. Maziwa ni maziwa, na watoto wana njaa. Mlete." Ambokile akashusha pumzi, akatabasamu kwa mara ya kwanza siku ile. "Lakini nina swali la mwisho. Tumesikia kwamba wale wetu waliomo zizini ni lazima watolewe wakauawe. Kijana, mimi ni mtu mzima. Sijawahi kuona mtu akiniwekea ng'ombe akaniambia nichinje kwanza mbuzi wangu. Hii imeanza lini?"

Iddy akaishika nembo yake shingoni. "Ni sera ya kampuni, mzee."

"Sera ya kuogopa mbuzi?"

Safari hii hakuna aliyecheka. Ambokile akainuka haraka, akakohoa. "Wazazi, tuelewane. Mkutano huu ni wa kupeana taarifa, si wa kuamua. Makubaliano yalishasainiwa na wahusika. Lori linakuja Ijumaa."

Watu waliangalia miguu yao. Ni watu waliozoea kuambiwa kwamba jambo limeshaamuliwa na wahusika, na katika umri wao wote hawajawahi kuambiwa mhusika anakaa wapi. Mama Ruthu alifunga khanga yake upya, tayari kuondoka. Penina aliona atakachokiona kila siku ya maisha yake kama atanyamaza, yaani watu wazima wakitoka mlangoni mmoja mmoja, wakiwa wameomba ruhusa ya kuwa na mbuzi wao wakanyimwa. Hasira ilimpanda mpaka macho yakamwasha.

Akasimama. Ugonjwa ni ugonjwa.

"Mkuu aliniagiza nisitie neno," alisema, "na Mungu anaona nilijitahidi. Nina swali moja tu. Zile mashine za zamani nani alizinunua?"

"Mwalimu Penina, kaa chini," Ambokile alisema.

"Sisi," Mama Ruthu alijibu.

"Mliipa shule, au mliziweka shuleni?"

Nathanaeli alikuwa ameanza kukaa. Akasita katikati, mkono juu ya benchi. "Tuliziweka," alisema.

"Basi shule imewekewa. Na aliyewekewa hauzi, hachinji, wala hatoi kwa mwingine. Hilo mnalijua kuliko mimi." Akawageukia wazee wa mbele. "Mnamkumbuka baba yangu, Seth. Mwaka ule wa homa ya mapafu hakungoja ugonjwa ufike zizini. Aliwatoa ng'ombe wake asubuhi kweupe, akawagawa nyumba kwa nyumba, huyu hapa, yule kule, na ugonjwa ulipofika ulikuta zizi tupu. Mimi ndiye mwenye ufunguo wa maabara. Simwiti mtu, wala simtumi mtu. Nasema Jumatatu, saa za kazi, nitafungua mlango, na nitakaa pale pale mlangoni."

Akakaa. Alijua kabisa kwamba ameharibu kazi yake. Iddy alikuwa akimtazama kwa sura ambayo hakuifahamu, labda wivu.

Jumapili nzima Penina alijutia. Alikwenda kanisani, hakusikia mahubiri hata neno. Mama yake alimpikia mlenda na ugali wa uwele, chakula ambacho kwa kawaida hukimaliza, akakisukuma kando. Alijiona mjinga. Watu hucheka mkutanoni, wakifika nyumbani hukumbuka kwamba wana watoto pale shuleni na kwamba Mkuu ndiye anayewapokea. Usiache mbachao kwa msala upitao, kila mtu anaijua methali hiyo. Lakini nani huitumia, msala ukiwa mpya na una kiyoyozi?

Jumatatu alifungua mlango wa maabara saa mbili, akaweka kiti kizingitini, akakaa. Saa tatu ikapita. Upepo ulileta vumbi na kuondoka nalo. Walimu wenzake walipita wakijifanya wana haraka. Alikuwa ameshaanza kuwaza Mkuu atamhamishia wilaya gani aliposikia magurudumu.

Mama Ruthu alikuwa mbele na mkokoteni wa punda, umetandikwa gunia la alizeti na godoro juu yake. Nyuma yake mkokoteni mwingine, na mwingine, na wanaume wa baiskeli, na mchungaji wa kanisa kwenye pikipiki akiwa amebeba kamba. Walikuja wakizungumza kwa sauti, mchana kweupe, katikati ya njia, kama watu wanaokwenda kuchukua mali yao. Penina akafuta pua kwa kiganja. Debora na wenzake waliomba ruhusa darasani, na mwalimu wao wa hesabu, mwoga mkubwa, aliwaruhusu bila kuuliza.

Ambokile alitoka ofisini akiwa bado na kalamu mkononi. Akakutana uso kwa uso na Nathanaeli aliyekumbatia kompyuta kifuani.

"Shikamoo, mzee," Mkuu alisema, maana adabu haina likizo.

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kuchukua ng'ombe wangu. Umewalisha vizuri, tunakushukuru."

"Mzee, unaniponza. Mimi nitawaambia nini watu wa Zenora?"

"Walitaka maabara iwe tupu. Waambie ni tupu." Nathanaeli alimtazama kwa huruma ya kweli. "Na sisi si watu wa kumwacha mfugaji mikono mitupu. Moja tunakuachia. Nimeshawaambia vijana waipeleke ofisini kwako, si maabara."

"Siitaki."

"Ndama hakataliwi, mwanangu."

Mkuu alibaki amesimama uani, kalamu mkononi, akiwatazama vijana wakiingiza mashine ofisini kwake na kuiweka mezani juu ya makaratasi. Hakuwazuia. Huenda alichoka, huenda kuna kitu ndani yake kilichokuwa upande wao, hakuwahi kusema.

Mashine zikasambaa Chihembe yote. Moja ilikaa kwa Nathanaeli, chumba cha pembeni cha mashine ya kusaga, ambako mtu akisubiri unga wake anaweza kukaa. Moja nyumba ya mchungaji. Moja kwa Mama Ruthu, pembeni ya mapipa ya mafuta. Nyingine zikaenda kila nyumba yenye umeme na mtoto wa sekondari. Penina alizunguka kwa miguu akiziwasha, na kila alipofika alikuta benchi limeshawekwa, na wenyeji wamemwandalia chai kama aliyekuja kuona mgonjwa aliyepona.

Jambo ambalo hakulitarajia lilianzia stesheni ya Ihumwa. Stanley, fundi simu wa pale, alikuja kwa Nathanaeli kusaga mahindi, akakaa kwenye benchi, akaiona kompyuta inazungumza Kigogo. Akauliza hii inauzwa wapi. Debora akamwambia haiuzwi, lete flashi. Stanley hakuamini, akarudi na flashi mbili. Kesho yake wateja wake wenye kompyuta mpakato ambazo Zenora ilikuwa imezikataa kwa uzee walikuwa wanatoka kibandani kwake nazo zimeamka. Mchungaji aliwapelekea mapadri wa jirani, ambao si wa dhehebu lake, na huo peke yake ni muujiza. Mfanyabiashara wa samaki wa Mtera alinakiliwa mfumo kwenye flashi yake akisubiri usafiri. Mwanamume mmoja wa Kolo aliyekuja msibani alirudi kwao na flashi ndani ya kofia, na akatuma ujumbe kuuliza kama maneno yanaweza kubadilishwa kuwa ya Kirangi. Debora alimjibu yeye mwenyewe: yanabadilishwa, anza na bibi yako.

Ijumaa lori lilifika.

Iddy na Ambokile walisimama katikati ya maabara tupu. Mezani palikuwa na miraba safi mahali ambapo mashine zilikaa, na vumbi pande zote. Ambokile alikuwa amelala vibaya, na alipozungumza alizungumza kwa sauti ya mtu anayetaka mashahidi.

"Mwalimu Penina, nipe ufunguo."

Alimpa. Alikuwa amejiandaa kwa hilo wiki nzima, na bado lilimuuma kama kunyang'anywa mtoto mgongoni.

"Kuanzia leo maabara hii itakuwa chini ya mwalimu mwingine. Na suala lako linakwenda kwenye kamati ya nidhamu. Sikutaka tufike hapa."

"Najua hukutaka, Mkuu," Penina alisema. "Mimi nilitaka."

Ambokile alitoka kwenda kusimamia upakuaji. Vijana wa lori wakaanza kuingiza maboksi mapya, mazuri kweli, yananukia plastiki. Watoto watayatumia, na Penina hakuwaonea kijicho. Maziwa ni maziwa. Alichukua mkoba wake. Jioni ile alikuwa na darasa kwa Mama Ruthu, na kabla ya hapo alitakiwa kupita kwa Nathanaeli kumwonyesha namna ya kuifungua mashine na kuipuliza unga, maana kuna mahali vumbi ni unga.

Iddy alimfuata mpaka uani. Alikuwa na simu ya kazini mkononi, ripoti imefunguliwa.

"Wakubwa wamekasirika," alisema. "Wanataka zile za zamani zikusanywe, hata kama ni kwa kubembeleza. Ziko wapi?"

"Kwa watu."

"Watu gani?"

"Iddy, ulisikia yote ya bwaloni na bado hujui kwamba mwenye ng'ombe hataji zizi?"

Iddy alitazama nyuma, akashusha sauti. "Basi nisaidie kama rafiki. Sitaandika majina. Wananiuliza idadi tu. Mashine zenye huo mfumo wenu, hapa Chihembe na karibu yake, ziko ngapi?"

Penina hakumkejeli. Alianza kuhesabu kweli, akikunja vidole. Akaanza na ile ya mashine ya kusaga, ya mchungaji, ya Mama Ruthu, zile za majumbani. Akafika kwa Stanley, akakwama, kwa sababu asubuhi ile foleni ya kibandani ilikuwa imevuka barabara. Akafikiria mapadri, na Mtera, na yule mtu wa Kolo na bibi yake. Akajaribu tena kuanzia mwanzo. Mwishowe akaviachia vidole.

"Kwa kweli sijui," alisema. "Zimeshaanza kuzaa."